Uhai Kumi na Shoka la Bronzi

Kila mhusika mpya wa mchezo wa mtandaoni wa Old School RuneScape huzaliwa maskini. Stadi zake karibu zote ziko kiwango cha 1: kukata miti 1, uvuvi 1, upishi 1, ufuaji wa vyuma 1. Uhai peke yake ndio unaoanzia 10. Anatokea kwenye kisiwa cha mafunzo, anavua uduvi kwa wavu mdogo, anapewa shoka la bronzi na kiberiti, anakata mti, anawasha moto na kuwapika uduvi wake. Anashuka mgodini, anachimba shaba na bati, anaviyeyusha pamoja hadi vitoe bronzi, anafua jambia lake la kwanza. Anaua panya mkubwa, anaoneshwa benki, anafundishwa sala, anamjaribishia kuku uchawi wa upepo. Kisha anahamishiwa Lumbridge, mji mdogo wenye ngome kando ya mto, na kuanzia hapo hakuna anayemwamrisha la kufanya.

Wachezaji wengi hupita kisiwa hicho mara moja wakakisahau. Lakini lipo kundi la watu ambao tayari wana mhusika aliyeshiba: stadi zimepanda, benki imejaa, mavazi yanang'aa. Na bado siku moja wanafungua akaunti nyingine, wanachagua jina ambalo hakuna anayelijua, na kurudi kuvua uduvi. Anayewatazama kwa nje huona wanapoteza muda. Mimi ni mmoja wao, na naona kuwa wanachokifanya ni ufundi kamili, wenye kanuni zake na magwiji wake, unaostahili kusifiwa kama ufundi mwingine wowote.

Ufundi huu si mpya. Mwaka 1978, Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, alianza kuandika MUD, dunia ya maandishi matupu ambayo watu kadhaa waliweza kuiingia kwa wakati mmoja kupitia kompyuta ya chuo. Mwenzake, Richard Bartle, akaiendeleza. Humo, mhusika aliyeuawa katika mapigano alifutwa kabisa. Aliyerudi kesho yake alirudi mikono mitupu, ila kichwani alikuwa na ramani ya vyumba, mitego na njia za mkato alizozilipia kwa maisha yaliyotangulia. Mchezaji bora wa MUD alikuwa ni yule aliyejua kuanza.

RuneScape yenyewe ilitolewa mwaka 2001 na ndugu wawili, Andrew na Paul Gower, huko huko Uingereza. Kadiri miaka ilivyopita mchezo ulibadilika hadi wenyeji wake wakaanza kuulilia ule wa zamani. Mwaka 2013 kampuni ya Jagex ikawapigisha kura, na ikarudisha nakala iliyohifadhiwa mwezi Agosti 2007. Iliyorudi ni dunia, mali haikurudi. Tarehe 22 Februari 2013, gwiji wa miaka kumi na mtoto aliyelisikia jina la mchezo jana yake walisimama kwenye kisiwa kile kile, wakiwa na shoka la aina moja. Old School RuneScape, pamoja na umati wote unaoucheza leo, ni tunda la watu waliokubali kuanza upya kwa pamoja.

Kwa nini mtu akubali? Tutazame hesabu. Kutoka kiwango cha 1 kwenda cha 2 unahitaji pointi 83 za uzoefu, kazi ya muda mfupi tu. Kiwango cha 99, ambacho ndicho kilele cha kila ustadi, kinahitaji pointi 13,034,431. Nusu ya pointi hizo huikuti kwenye kiwango cha 50 wala cha 70. Unaikuta kwenye cha 92. Maana yake ni kwamba viwango saba vya mwisho vinameza pointi karibu sawa na vyote vilivyotangulia. Huko juu mchezaji anaweza kurudia kitendo kimoja usiku kucha bila kufunguliwa kitu kipya. Huku chini karibu kila hatua ina mlango wake. Ukifika 15 katika kukata miti, mwaloni unaangushika. Ukifika 20 katika uvuvi, unatupa ndoana mtoni na kupata samaki wa kukushibisha zaidi kuliko uduvi. Maamuzi ya mchezo yamerundikana mwanzoni, na penye maamuzi mengi ndipo ustadi unapopata nafasi ya kuonekana.

Mpishi wa ngome ya Lumbridge atatuonesha jinsi maamuzi hayo yalivyo. Anahangaika kuandaa keki ya mtawala wake, na anamwomba kila mgeni amletee vitu vitatu: yai, ndoo ya maziwa na chungu cha unga. Mgeni wa kweli hutoka mbio akitafuta, huku na huko, na hurudi jikoni zaidi ya mara moja. Mkongwe mwenye jina jipya anaanza kwa kuokota chungu kitupu kilicho pale pale jikoni, juu ya meza. Anajua unga unavyopatikana. Unakwenda shambani, unachuma ngano, unapanda hadi ghorofa ya juu ya kinu cha upepo, unaimwaga ndani ya mdomo wa kinu, unavuta wenzo, kisha unashuka chini kuukinga kwa chungu chako. Anapanga yai, ng'ombe na kinu viwe kwenye mzunguko mmoja. Malipo ni pointi 300 za upishi, ambazo kwa mhusika mkubwa hazionekani hata kwa darubini. Kwa huyu mchanga zinamrusha viwango kadhaa kwa mpigo. Kazi ni ile ile, malipo ni yale yale, lakini mpangilio wa hatua ni wa mtu mwingine kabisa.

Kuna safari moja, hata hivyo, ambayo ndani yake ufundi huu unaonekana wote: misheni ya maporomoko ya maji. Ukiimaliza unapewa pointi 13,750 za shambulizi na nyingine 13,750 za nguvu. Mhusika ambaye hajawahi kuinua upanga anatoka kiwango cha 1 hadi cha 30 katika stadi zote mbili, papo hapo, bila kuua hata kuku. Waliotangulia waliligundua hilo, na tangu hapo imekuwa desturi ya wakongwe kuwapeleka wahusika wao wachanga mahali ambapo, kwa haki, hawakupaswa kukanyaga.

Kwanza ni kaburi la malkia Glarial. Haliingiliki ukiwa na silaha wala mavazi ya vita, kwa hiyo unaviweka benki na kuingia ukitegemea chakula. Ndani wanazunguka majitu ya kuvumwani. Huwapigi, unakimbia, unachukua hirizi sandukuni, unachukua mtungi wa majivu, unatoka. Kisha unapanda chelezo hadi karibu na maporomoko, unafunga kamba kwenye mwamba, unaifunga tena kwenye mti, na unateremka hadi kwenye ukingo wenye mlango. Ukiufungua mlango huo bila ile hirizi, maji yanakufagia. Mle ndani yapo majitu ya moto, na pigo moja la jitu la moto likikamilika linazidi uhai wote 10 ulio nao. Hapa mhusika hana cha kumsaidia. Hana ngao ya maana, hana nguvu, hana sala. Kinachomvusha ni mchezaji anayejua kona ipi aikate, lini ale, na mlango upi ufunguliwe kabla jitu halijageuka. Mwishoni kuna chumba chenye nguzo sita, na kila nguzo inawekewa mawe matatu ya uchawi: la hewa, la maji na la ardhi. Hirizi inavishwa sanamu ya Glarial, majivu yanamiminwa kikombeni, na hazina inakuwa yako.

Nahodha anayejua mlango wa mwamba huupita kwa ngalawa au kwa jahazi. Chombo kinabadilika, mlango uko pale pale na yeye ndiye anayeujua. Ndivyo alivyo mchezaji mzoefu aliyemvaa mhusika mchanga.

Mpwa wangu aliwahi kunikuta nikiwa katikati ya kaburi hilo, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Mjomba, yule wa zamani amekukosea nini hata umemwacha?"

"Hajanikosea kitu, mwanangu. Nataka kujua kama anayejua kucheza ni yeye au ni mimi."

Alinyamaza, akaangalia hadi nilipotoka kaburini, kisha akaomba nimfungulie akaunti yake mwenyewe. Nilimfungulia, na njia ya kaburini sikumwonesha. Bado hajawa na cha kuanza nacho upya.

Ndani ya mchezo huu wapo waliouchukua ufundi huu mbali zaidi. Wachezaji wenyewe walibuni utaratibu wa kujitegemea: hakuna kununua kwa mwenzako, hakuna kupokea zawadi, hakuna kuokota alichokiacha mwingine. Mwaka 2014 Jagex ikaufanya kuwa aina rasmi ya akaunti, ukaitwa Ironman, na anayeufuata huonekana kwa alama ya kofia ya chuma kando ya jina lake. Yapo pia masharti mazito zaidi: aina moja haina benki hata kidogo, na nyingine ina uhai mmoja, ukifa unavuliwa hadhi hiyo.

Ili uone sharti hili linavyobadilisha dunia, chukua mshale. Mchezaji wa kawaida hufungua soko kuu, akaagiza maelfu yake, na muda si mrefu anayo. Wa Ironman, mishale ya dukani ikimwishia, anakata gogo, analichonga kwa kisu hadi litoe vijiti, anaua kuku apate manyoya, anabandika manyoya kwenye vijiti. Anachimba shaba na bati, anayeyusha, anafua vichwa vya mishale, kisha anaviunganisha. Stadi tano au sita zinakutana kwenye kitu ambacho mwenzake hakifikirii. Soko lilikuwa limezificha stadi hizo nyuma ya bei. Sharti linazirudisha mezani, na yule kuku wa Lumbridge, ambaye kila mtu humpita akielekea kwenye majoka, anakuwa na thamani tena.

Tabia hii imezidi kuenea, hadi ikavuka mipaka ya mchezo mmoja. Jagex yenyewe, tangu Novemba 2019, imekuwa ikifungua ligi za muda ambazo kila anayeingia huanza na sifuri, hucheza kwa wiki kadhaa kwa masharti ya pekee, kisha ligi ikafungwa. Katika mchezo mwingine, World of Warcraft, wachezaji walijiwekea sharti la mhusika wa uhai mmoja na kulisimamia wenyewe kwa muda mrefu, hadi mwaka 2023 kampuni yenye mchezo huo ilipowafungulia seva rasmi za mtindo huo. Kama ilivyokuwa kwa Ironman, sharti lilitoka kwa wachezaji kwanza, kampuni ikafuata.

Ukweli uliopo ni kwamba ujuzi una hatari yake. Anayejua kila kitu anaweza kuugeuza mwanzo kuwa orodha ya kazi: misheni hii, kisha ile, bila kuinua macho. Wapo wanaocheza hivyo, na kasi yao inashangaza. Lakini fundi ninayemsifu mimi huacha nafasi. Akiwa amemaliza maisha ya kwanza kwa upanga, ya pili anayaendesha kwa upinde. Wapo wanaojifungia katika eneo moja la ramani na kuapa kutolivuka, wakagundua kwamba kijiji walichokipita mbio kwa miaka kina machimbo, duka na njia ya pango wasizowahi kuzitazama. Ujuzi wa zamani unawaonesha mahali pa kusimama, na sharti jipya linawalazimisha wasimame kweli.

Kwetu Afrika Mashariki mchezo wa Old School RuneScape una hisani nyingine. Tangu Oktoba 2018 unachezeka kwenye simu, na akaunti ni ile ile ya kwenye kompyuta. Tena, muda wake unahesabiwa kwa vipigo vya sekunde 0.6, kila hatua, kila pigo, kila tonge la chakula husubiri kipigo chake. Mchezaji wa Morogoro au Kisumu anayeingia kwa bando lake kwenye seva iliyoko Uingereza, mtandao ukiwa mzima, amri yake kwa kawaida hufika kabla kipigo hakijakatika. Umbali haumnyimi haki. Mle kaburini kwa Glarial atavuka kwa akili sawa na aliyekaa kilomita chache kutoka kwenye seva.

Kwa hiyo, anaponijia mtu aliyechoshwa na mhusika wake mkubwa, anayeingia, kuizungusha benki yake na kutoka, simwambii aache mchezo wala atafute mwingine. Namwambia afungue jina jipya, ajiwekee sharti moja ambalo mchezo haukumwekea, na alishike hata pale ambapo hakuna anayemwona. Asikimbilie viwango, viwango vitakuja. Ajiulize kila asubuhi ya mchezo wake mpya ni jambo gani lianze na lipi lifuate, na kwa nini. Akifika mahali akaweza kulijibu swali hilo bila kumtazama mtu, ajue kwamba ujuzi ule ni wake na haukai kwenye akaunti yoyote.