Liyongo na Maji ya Ozi

Wengi wausomao Utendi wa Fumo Liyongo, aliouandika Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, huusoma kwa macho ya visiwani: Pate, wivu wa mfalme, ngoma ya gungu, Saada na mkate wa wishwa uliofichwa tupa. Hawakukosa. Bahari ya utendi hukimbilia tendo, na mizani nane hazimwachii mtunzi nafasi ya kukaa ukingoni akatazama maji. Lakini kaburi linalonasibishwa na Liyongo liko Kipini, Ozi inapoingia baharini, na msomaji apandaye mashua hapo asubuhi maji yakijaa, akarejea jioni yakitoka, huurudia utendi na masikio mengine.

Tuchukue kikoa cha makoma. Wala njama wanaafikiana kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake, ili siku ya Liyongo wampige mishale akiwa juu. Naye anayaangusha makoma kwa mishale yake, miguu yake ikiwa chini. Wahakiki husifu shabaha, wakapita. Mwenye mashua, baada ya kuipita mikoko ya mlangoni na mashamba ya mpunga ya Wapokomo, huiona mikoma yenyewe: mirefu, shina tupu, majani juu kabisa. Aliyeukwea hana mkono wa kushikia upinde wala pa kujificha. Mtego wote umo katika umbo la mti, na Kijumwa hakuueleza kwa sababu wasikilizaji wake waliujua.

Kisima nacho huulizwa sana na wanafunzi. Kwa nini mji wa nchi yenye mto mkubwa hivi utetemeke kwa kuwa mtu mmoja amepiga goti kisimani, upinde mkononi? (Naye amekwisha kufa, kwa sindano ya shaba ya mwanawe.) Jibu liko katika kujaa na kupwa. Bahari huusukuma mto nyuma. Huko juu maji matamu hufurika mashambani, na mkulima wa mpunga huyangoja, bali karibu na mlango mto huwa wa chumvi. Maji ya kunywa ni ya kisima. Hofu ya wale akina mama, basi, si pambo la kumkuza shujaa, ni kiu.

Isidhaniwe kwamba safari ya siku moja inathibitisha tarehe za Liyongo. Mto wenyewe umehama: mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19, uliiunganisha Tana na Ozi, na Tana ikaufuata. Tangu hapo mabwawa ya juu, kama Masinga lililokamilika 1981, yamepunguza mafuriko, na chumvi hupanda mashambani. Delta iliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2012. Atakayeuchapisha tena utendi huu atie ramani ya mto na picha ya mkoma, kabla ya faharasa ya maneno magumu.