Ukingo wa Ukucha: Wapiga Flamenko Wanavyotunza Mkono wa Kulia

Tarehe 5 Desemba 1980, katika ukumbi wa Warfield mjini San Francisco, wapiga gitaa watatu walirekodi onyesho ambalo mwaka uliofuata lilitoka kwenye santuri kwa jina la Friday Night in San Francisco. Al Di Meola na John McLaughlin walipiga kwa risha, kile kipande kidogo kigumu kinachobanwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Paco de Lucía, mpiga flamenko mzaliwa wa Algeciras kusini mwa Hispania, alipiga kwa vidole. Wimbo wa kwanza wa santuri hiyo, Mediterranean Sundance uliounganishwa na Río Ancho, anaupiga yeye na Di Meola peke yao. Wanapokezana mistari ya haraka, mmoja akimaliza mwingine anadaka, na kasi haipungui inapohama kutoka kwenye risha kwenda kwenye kucha. Risha ya Di Meola ikivunjika, anachukua nyingine. Ukucha wa Paco ukichanika, hauna wa akiba.

Wanamuziki wengi duniani wameamua kwamba kitu cha kuchakaa kiwe nje ya mwili. Mpiga udi wa taarabu ana risha yake. Mpiga kanuni huvaa pete kwenye vidole viwili vya shahada na kuchomeka risha ndani yake, yaani anavaa ukucha na kuuvua akimaliza. Mpiga flamenko hawezi kufuata njia hiyo, kwa sababu mkono wake wa kulia unafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja: vidole vinafunguka kimoja baada ya kingine kufagia nyuzi zote sita, kidole gumba kinakwenda chini na juu, kidole cha pete kinagonga ubao wa gitaa kama ngoma, na sekunde hiyo hiyo vidole viwili vinarudi kupiga noti mojamoja. Hakuna pete wala risha itakayofanya yote hayo. Kucha ndizo chombo, na chombo hiki kinachakaa kila siku.

Watu wengi wakiulizwa namna ya kukilinda hufikiria ugumu: dawa ya kukaza, vidonge, maziwa. Nionavyo mimi, huko ni kuanzia mahali pasipofaa. Ukucha wa mpiga flamenko hauvunjiki kwa sababu ni laini. Mara nyingi unavunjika kwa sababu umekwama. Uzi umeingia kwenye kijino kidogo cha ukingoni, kidole kimeendelea na mwendo wake, na ukucha umebaki nyuma. Kinachotakiwa kwanza ni ukingo unaoachia uzi. Ugumu unafuata baadaye, na ni ule tu unaobaki na unyumbufu kidogo.

Tuangalie kila pigo linaufanya nini ukucha. Pikado ni mistari ya haraka ya noti mojamoja, inayopigwa kwa kidole cha shahada na cha kati kwa zamu. Kila kidole kikimaliza pigo kinatua kwenye uzi wa juu yake na kupumzika hapo. Mwenye risha ana ncha moja inayobeba noti zote; kwenye pikado kila ukucha unabeba nusu. Uzi unausukuma ukucha kutokea upande wa chini, kana kwamba unataka kuubandua kwenye nyama. Kwa hiyo ukucha mrefu una hatari mbili: unachelewa kutoka kwenye uzi, na unageuka wenzo unaozidisha nguvu ya kubandua.

Rasgeado ni kinyume chake. Vidole vinafunguka kwenda nje, na kinachogusa uzi ni mgongo wa ukucha. Sasa uzi unausukuma ukucha kuelekea kwenye nyama, na nyama ya ncha ya kidole inakuwa mto wa kuuegemeza. Ukucha mfupi unaegemea vizuri. Ukucha uliotokeza sana hauna cha kuegemea, unapinda pale pale unapoachana na nyama, na mstari ule ndio unaofanya ufa. Hii ndiyo sababu wapiga flamenko kwa kawaida huweka kucha fupi kuliko wenzao wa gitaa la klasiki. Ukiinua kiganja mbele ya macho, ukucha utokeze juu ya nyama milimita moja au mbili tu. Wa kidole gumba unaweza kuzidi kidogo.

Kidole gumba ndicho kinachoteseka kuliko vyote, na sababu ni alsapua. Katika pigo hili kidole kinashuka kwenye uzi mmoja, kinashuka tena kufagia nyuzi kadhaa, kisha kinapanda kuzifagia kwa mgongo wa ukucha, na mzunguko unaanza upya bila kupumua. Ukucha mmoja unapindwa juu na chini, juu na chini, tena dhidi ya nyuzi nene za besi. Nyuzi hizo si nailoni tupu: ni kitita cha nyuzinyuzi za nailoni kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba uliopakwa fedha, na waya ule una matuta. Ukucha unaopita juu yake kwa mshazari unasagwa kama unapita kwenye tupa. Baada ya mazoezi marefu ya alsapua, shika ukucha wa gumba kwenye mwanga wa dirisha. Utaona ncha imekuwa na ukungu, na kwa ndani kuna mifereji midogo. Kila mfereji ni mahali ambapo uzi utakwama kesho.

Golpe, kule kugonga ubao, kunapiga ukucha wa kidole cha pete kwa ncha, wima, kwenye kipande cha plastiki kilichobandikwa kulinda mbao. Ukucha ukiwa na ncha kali unapasuka. Na kwenye tremolo ya flamenko, ambayo hufungamanishwa na Ramón Montoya, aliyefariki 1949, pigo la gumba linafuatwa na noti nne badala ya tatu za klasiki: shahada, pete, kati, kisha shahada tena. Kidole cha shahada kinarudi mara mbili katika kila mzunguko, na ukucha wake unaisha mapema kuliko wa jirani zake. Anayepiga tupa kucha zote nne kwa mpango mmoja hajatazama mkono wake.

Sasa maumbile. Ukucha ni bamba la keratini lenye unene wa karibu nusu milimita, lenye tabaka tatu. Nyuzinyuzi za tabaka la kati zimelala kwa upana, kutoka upande mmoja wa kidole hadi mwingine. Mpangilio huo unatusaidia: ufa ukianza, unaelekea kukimbia kwa upana badala ya kushuka hadi kwenye nyama. Lakini kwa mpiga gitaa una maana nyingine pia. Ufa unaoanzia kwenye kona ya pembeni una njia iliyokwisha kutengenezwa ya kuvuka hadi upande wa pili, na ukucha wote unaondoka kwa mkato mmoja. Kona za pembeni ndizo za kukaguliwa kwanza kila siku, kuliko ncha.

Kwa hiyo kazi kubwa ni ya tupa na msasa. Mkasi na kikata kucha haviruhusiwi mkono wa kulia, kwa sababu vinabana tabaka zote na kuziachanisha. Tumia tupa ya kioo, ile yenye chembe ndogo sana, na ushushe ukucha ukiwa mkavu. Kwa wapiga wengi uzi unagusa kwanza nyama pamoja na upande wa kushoto wa ukucha, yaani upande wa kidole gumba, kisha unateleza hadi kileleni na kuachiwa. Njia hiyo iwe mteremko mmoja usio na bonde. Ukitaka kuiona, lalisha ncha ya ukucha kwenye ukingo wa rula, kwa pembe ile ile unayopigia, na utazame mwanga unapita wapi.

Baada ya umbo kuna hatua ambayo wengi wanairuka. Chukua msasa laini kabisa, namba 1000 kwenda 2000 au zaidi, ukunje, uupitishe chini ya ukucha kati yake na nyama, na uvute kwa kufuata njia ya uzi. Halafu ugeuze, ufanye hivyo kwa upande wa mgongo, maana rasgeado inatua huko. Jaribio lake ni rahisi. Chukua kipande cha uzi wa gitaa uliokwisha kutolewa, ule mwembamba wa nailoni, ukivute juu ya ukingo kwa pole pole. Ukingo uliokamilika hausikiki. Ukisikia mkwaruzo, hata kidogo, rudi kwenye msasa. Gitaa lenyewe litakwambia vilevile: noti inayoanza na mchakacho imetoka kwenye ukucha usiosuguliwa.

Katika karne ya 19 suala la sauti ya kucha au ya nyama lilikuwa na pande mbili kabisa. Fernando Sor alipiga kwa nyama bila kucha, Dionisio Aguado alipiga kwa kucha, na wawili hao walikuwa marafiki. Sor aliandika utunzi wa magitaa mawili uitwao Les deux amis, yaani marafiki wawili. Gitaa la klasiki liliendelea kujadili suala hilo hadi karne ya 20. Flamenko haikuwa na nafasi ya kujadili. Gitaa linalomsindikiza mwimbaji mwenye sauti kali na mchezaji anayegonga sakafu kwa visigino halisikiki bila kucha.

Adui wa pili baada ya kukwama ni maji. Ukucha unanyonya maji haraka, unavimba, kisha unakauka na kusinyaa; mzunguko huo ukirudiwa, tabaka zinaachana na ncha inachambuka kama plaiwudi iliyonyeshewa. Kuosha vyombo na kufua kwa mkono, pamoja na sabuni inayoondoa mafuta ya asili, ndiko kunakoharibu kucha nyingi kuliko gitaa lenyewe. Vaa glavu. Usipige mara tu baada ya kuoga, subiri kucha zikauke. Usiku paka mafuta kwenye shina la ukucha na chini ya ncha. Ya nazi yanatosha, hakuna haja ya kununua kichupa cha bei. Mafuta hayaongezi nguvu, yanapunguza kasi ya maji kuingia na kutoka.

Kuhusu chakula nitasema kwa kifupi. Ukucha hauna kalisi ya kutosha kuufanya mgumu. Ugumu wake unatokana na keratini na viungo vya salfa ndani yake, kwa hiyo maziwa hayana miujiza hapa. Biotini, vidonge vya miligramu 2.5 kwa siku, imejaribiwa kwa watu wenye kucha zinazokatika na wengine walipata nafuu, ila tafiti zenyewe ni ndogo. Anayeimeza amwambie daktari kabla ya kupimwa damu, kwa sababu inaweza kupotosha majibu, hata ya kipimo cha moyo cha troponini. Na asubiri. Ukucha unakua takribani milimita 3 kwa mwezi, na kutoka shina hadi ncha ni karibu miezi sita. Kucha zilizobonyea kama kijiko zinaweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma, na hizo ni za hospitali.

Imebaki gundi. Supagluu, ile ya vichupa vidogo vya dukani, imekuwa sehemu ya maisha ya wapiga flamenko. Kemikali yake iligunduliwa miaka ya 1940 na Harry Coover wa kampuni ya Kodak akitafuta plastiki angavu, ikaingia sokoni 1958. Wapiga flamenko wanaipenda kwa sababu inakauka na kuwa ganda gumu juu ya ukucha na bado inasuguliwa kwa msasa kama ukucha wenyewe. Makosa yanatokea kwenye kiasi. Tone moja nene linaganda juu na kubaki bichi chini, kisha linabanduka likiwa na tabaka la ukucha. Namna nzuri ni hii: futa mafuta, hakikisha ukucha ni mkavu, tandaza utando mwembamba kuanzia ncha hadi katikati ya ukucha bila kugusa ngozi, acha ukauke wenyewe, halafu utando wa pili. Kisha msasa. Gundi hii inaganda kwa msaada wa unyevu, kwa hiyo kwenye hewa nzito ya Dar es Salaam au Mombasa inakaza upesi kuliko kwenye ukavu wa bara, na huna muda wa kuisawazisha. Kamwe usiisambaze kwa pamba: gundi hii na pamba vinazalisha joto la kuunguza.

Pale inapoanza kuinuka pembeni, iondoe. Maji yakijificha chini yake, bakteria wanaota na ukucha unapata rangi ya kijani. Ukiondoa kwa asetoni, ukucha unakauka sana, kwa hiyo mafuta yafuate papo hapo. Binafsi ningeacha ganda likue na kuisha kwa tupa. Akriliki ya saluni inafanya kazi, na wapo wanaoitegemea, lakini fundi akikwangua uso wa ukucha ili ishike, anapunguza unene ambao utasubiri miezi sita kurudi.

Na ukucha ukipasuka saa moja kabla ya kupanda jukwaani, usiukate. Bana ufa ukae sawa, weka tone dogo la gundi, lalisha juu yake kipande cha tishu nyembamba cha tabaka moja kikivuka ufa pande zote mbili, weka gundi tena hadi tishu iwe angavu. Chembe chache za magadi ya kuokea zitaigandisha mara moja na kuifanya ngumu kama jiwe. Sawazisha kwa tupa, kisha rudi kwenye msasa namba 2000, chini na juu ya ukingo, na uujaribu kwa uzi wa nailoni kabla ya kuugusisha kwenye gitaa.