Ufunguo wa Bosi na Sanduku la Cucu

Kwenye gemu za The Legend of Zelda kuna funguo za aina mbili, na ugomvi wangu wote na mfululizo huu unaanzia hapo.

Kuna funguo ndogo. Unapiga majini chumba kizima, kasha linatokea, ndani yake kuna ufunguo. Unafungua nao mlango mmoja na umeisha. Hauna jina wala mwenyewe. Ufunguo mdogo wowote utafungua kufuli yoyote ya kawaida ndani ya danjoni ile, yaani lile jumba la mafumbo ambalo Link lazima alimalize ndio hadithi isonge. Halafu kuna Ufunguo wa Bosi. Huo ni mmoja tu, mkubwa, umerembwa, na kazi yake ni mlango mmoja: ule ambao nyuma yake kuna jitu linalokusubiri. Unaweza kuwa umeua kila kitu jengo zima. Bila ufunguo ule, hupiti.

Mimi nimezicheza gemu hizi hapa Wamagana, kuanzia Julai moja ya baridi, wakati ukungu unashuka kutoka Nyandarua na saa nane mchana inafanana na saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nimetoka chuo mwaka wa pili. Sikutoka kwa kupenda. Karo ilisimama, nami nikasimama nayo. Binamu yangu alikuwa ametuachia Wii yake kuukuu, imejaa Zelda za zamani. Pale sokoni vijana wanacheza FIFA, na ukiwatajia Zelda watakuuliza inacheza ligi gani. Kwa hivyo nilicheza peke yangu, nikiomba stima isipotee kabla sijaseivu.

Mwanzoni funguo hazikuwa na uzito. Kwenye gemu ya kwanza, ya mwaka 1986, ungeweza hata kununua ufunguo dukani, kama mtu anavyonunua kiberiti. Ufunguo uliotoka danjoni moja ungefungua mlango wa danjoni nyingine. Karibu na mwisho ulipata ufunguo wa ajabu unaofungua kila mlango wa kawaida, na habari ya kuhesabu funguo ikaisha.

Mambo yalibadilika mwaka 1991 na A Link to the Past. Hapo ndipo Ufunguo Mkubwa uliingia, na kwangu mimi hapo ndipo ulikuwa na maana nzuri kuliko wakati wote uliofuata. Ufunguo Mkubwa ulifungua mlango mkubwa, sawa, lakini ulifungua pia kasha kubwa. Ndani ya kasha lile kulikuwa na zana ya danjoni: upinde, nyundo, kamba ya ndoano. Yaani ufunguo uleule uliokuruhusu kwenda kwa bosi ndio uliokupa kitu mkononi. Ruhusa na uwezo vilikuja pamoja.

Ocarina of Time ya mwaka 1998 ilivitenganisha. Zana sasa unaipata kivyake, mara nyingi baada ya kumpiga jitu la katikati. Ufunguo wa Bosi ukabaki na kazi moja tu ya kuonyeshwa mlangoni. Angalia jambo hili ambalo sijaona watu wakilizungumzia sana. Link anaanza gemu ile akiwa mtoto, na danjoni zote tatu za utotoni, kuanzia ndani ya ule Mti wa Deku, hazina Ufunguo wa Bosi hata mmoja. Mtoto anafika kwa bosi na anaingia jinsi alivyo. Halafu analala miaka 7, anaamka mtu mzima, na kuanzia Hekalu la Msitu kila mlango wa bosi una minyororo na kufuli kubwa katikati.

Sijui kama waliounda gemu walikusudia hivyo. Lakini mtu wa rika langu haelezwi sana. Ulipokuwa mdogo uliambiwa jitahidi tu, milango itafunguka. Ukafikisha miaka kumi na nane, kila mlango ukaanza kukuuliza karatasi. Kuna ofisi fulani ambayo mpaka leo imeshika transkripti yangu ya mihula mitatu niliyoimaliza na kufaulu. Masomo niliyasoma, mitihani nikaifanya. Nikilipa salio, nitapewa. Huo ni Ufunguo wa Bosi wa aina ya mwaka 1998. Haunipi kitu chochote nisichokuwa nacho tayari kichwani, kazi yake ni kukubali kwamba ninacho.

Nisiionee gemu. Hekalu la Msitu lenyewe lina jibu zuri. Unaingia chumba fulani na kasha la Ufunguo wa Bosi unaliona kabisa, ila limelala ukutani, kwa sababu korido uliyopitia imejisokota kama nguo inayokamuliwa. Huwezi kulifungua. Inabidi uelewe jengo linavyofanya kazi, uinyooshe korido, urudi, ndipo kasha linakaa sawasawa. Hapo ufunguo si karatasi tena. Ukiupata inamaanisha umelielewa jengo. Shida ni kwamba danjoni chache zinafikia hapo. Nyingi zinauficha ufunguo kwenye chumba cha mbali zaidi na kukwambia utembee.

Ufunguo ulionifanya niandike makala haya uko kwenye Twilight Princess ya mwaka 2006, danjoni inayoitwa Snowpeak Ruins. Kwanza, si hekalu wala pango, ni nyumba ya watu. Jumba kuukuu lililojaa barafu, na ndani wanaishi majitu wawili wa theluji, mume na mke, Yeto na Yeta. Yeta ni mgonjwa, amekaa karibu na moto. Yeto anapika supu. Unachotafuta ni kipande cha kioo, kiko chumbani mwao, na chumba kimefungwa. Ufunguo wa Bosi hapa unaitwa tu ufunguo wa chumba cha kulala. Yeta anakuwekea alama kwenye ramani: nenda pale, upo.

Unapigana mpaka pale, unafungua kasha, unakuta boga. Unarudi. Yeta anakuelekeza pengine. Unapigana tena, unafungua, unakuta jibini ya mbuzi. Boga na jibini Yeto anavitia kwenye sufuria, supu inazidi kunoga, na ukiinywa inakuponya kuliko mwanzo. Safari ya tatu ndio unapata ufunguo.

Wengi husema Yeta amesahau tu, ni mgonjwa, ni kichekesho cha kupitisha muda. Mimi pia nilicheka, mpaka nikaacha.

Mwaka niliorudi nyumbani, mjomba alikuja na wazo. Cucu ana nusu ekari yenye majani chai, na hati yake iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Hati ipelekwe benki, mkopo utoke, mimi nirudi chuo. Cucu hakukataa. Alisema ufunguo wa sanduku uko stoo, ndani ya kiondo. Nikaenda. Kiondoni nikakuta maharagwe. "Basi leta hayo maharagwe," akasema, na jioni tukala githeri. Siku nyingine akasema uko kabatini, kwenye mkebe. Mkebeni kulikuwa na vifungo vya sweta na sindano. Akashona sweta yangu. Mjomba alichoka kupiga simu. Muhula ukaanza bila mimi, ukaisha.

Miezi kadhaa baadaye nikamwona anaosha uso pale nje, kola ikiwa wazi. Ufunguo ulikuwa shingoni, kwenye kamba moja na rozari.

Nilikasirika, nisidanganye. Nilikaa siku mbili bila kumsalimia, jambo ambalo kwetu halifanywi. Halafu nikarudi kwa Wii, na safari hii nikaitazama Snowpeak kwa makini zaidi. Ukishapata ufunguo, Yeta mwenyewe anainuka na kukusindikiza hadi chumbani, polepole, hatua kwa hatua. Anakuonyesha kioo, na kioo kinamgeuza. Bosi uliyekuwa ukimtafuta ni yeye. Kile kipande ndicho kilichokuwa kinamuua tangu mwanzo, na wewe ulikuwa unaomba mlango wake ufunguliwe.

Kwa hivyo najiuliza kama alisahau kweli. Gemu haisemi. Mimi naisoma hivi: sehemu fulani ya Yeta ilijua kilicho nyuma ya mlango ule, na kwa kuwa hakuweza kusema hapana kwa mgeni, alimtuma kwenye chakula. Kila ucheleweshaji ulikuwa supu. Hakuna Ufunguo wa Bosi mwingine katika mfululizo huu unaothubutu kudokeza kwamba mwenye ufunguo anaweza kuwa na sababu.

Lakini hapo pia ndipo gemu inashindwa. Mara ya tatu lazima ikupe ufunguo, la sivyo hadithi inakwama. Zelda inajua milango ya aina mbili tu, iliyofunguka na ambayo bado. Haina nafasi ya mlango unaostahili kubaki umefungwa. Nusu ekari ile ingeenda benki kwa ajili ya digrii ya mtu ambaye hata hakuwa na uhakika anaitaka. Cucu alilijua hilo kabla yangu. Je, alikuwa na haki ya kuniamulia? Siku zingine nasema ndiyo. Nikiona wenzangu wamevaa joho kwenye picha, nasema hapana.

Breath of the Wild ya mwaka 2017 ilitupa Ufunguo wa Bosi nje kabisa. Niliicheza kwa rafiki, Nyeri mjini, kwenye Switch yake. Ukishuka tu kutoka ile nyanda ya mwanzo, unaweza kukata moja kwa moja hadi ngome ya Ganon. Hakuna wa kukuuliza chochote. Manze, nilifurahi. Nilienda jinsi nilivyo, na mioyo yangu mitatu, na nikauawa hata kabla sijafika kwa mwenyewe. Nikarudia. Nikauawa tena. Rafiki yangu alicheka mpaka chai ikammwagikia.

Wengi walishangilia uhuru ule, na nawaelewa. Lakini kitu kimoja kimepotea na sitajifanya hakijapotea. Mlango uliofungwa una mtu aliyeufunga, na unaweza kumkasirikia, kumbembeleza, kumwelewa. Mlango ulio wazi unakuacha na wewe mwenyewe. Pale ngomeni sikuwa na ofisi ya kulaumu, wala mjomba, wala Cucu. Nilikuwa sijawa tayari, basi. Ni ukweli, ila ni ukweli mkavu, na sidhani unafundisha zaidi ya supu ya Yeto.

Kama utacheza danjoni moja tu ya mfululizo huu, cheza Snowpeak, na usikimbie. Kila ukiletewa kitu ambacho si ufunguo, kaa jikoni kidogo.

Juzi Cucu aliniambia nifagie chini ya kitanda chake. Nililivuta sanduku, nikafagia, nikalirudisha.