Utambulisho wa Mtu katika Azimio la Arusha

Mtu anayeulizwa yeye ni nani mara nyingi hutaja kwanza atokako. Chini ya Mlima Meru majibu yanafahamika: Mmeru, Mwarusha, Mmasai, Mchaga. Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967 katika ukumbi wa Kaloleni ambao leo ni makumbusho, lilidai jibu la namna nyingine. Kiongozi wa chama au wa serikali alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi. Mwezi Agosti mwaka huohuo ilifanyika sensa ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila lao.

Azimio husomwa zaidi kama waraka wa uchumi, ilhali uzito wake mkubwa umo katika uteuzi wa maneno. "Mkulima" na "Mwarusha" yana kiambishi cha ngeli moja, lakini mzizi wa neno la kwanza ni kitenzi. Mtu anatambulishwa kwa akifanyacho, na akiacha kulima jina nalo linamponyoka. Maneno ya upande unaokataliwa, "bepari" na "kabaila", hayana kitenzi ndani yake. La kwanza limetoka Kigujarati, ambako maana yake ni mfanyabiashara tu. La pili lina shina moja la Kiarabu na neno "kabila". Kwa hiyo kabila, ambalo Azimio linataka lisitazamwe katika kugawa nafasi, limebaki humohumo likiwa ndani ya jina la mtu asiyefaa.

Aidha, jibu la mtu halikuaminiwa kwa kauli yake pekee. Lilipimwa kwa mali: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kipimo kilimgusa pia mume au mke wake. Masharti hayo yalilegezwa na CCM huko Zanzibar mwaka 1991.

Udhaifu wa matini unaonekana kwa Bibi Titi Mohamed. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam, na ndiye aliyewaingiza wanawake wengi wa mjini katika TANU. Mwaka 1967 alijiuzulu uongozi wa chama kwa kutokubaliana na sharti la nyumba. Kwa mwanamke wa mjini asiye na shamba wala ajira ya mshahara, nyumba ya kupangisha ilikuwa ndiyo akiba ya uzeeni. Mtu wa namna hiyo si mkulima, si mfanyakazi, na kumwita kabaila ni kulidhulumu neno lenyewe. Azimio halina jina la kumpa. Mwenye nyumba moja na mwenye mtaa mzima wa nyumba wanawekwa katika fungu moja, na hakuna kifungu kinachowatofautisha.