Mwavuli wa kwanza hupimwa kwa kilo na kwa uwanja

Alasiri ya tarehe 19 Mei 1978, askari wapatao 400 wa kikosi cha pili cha miavuli cha Jeshi la Kigeni la Ufaransa waliruka juu ya Kolwezi, mji wa Zaire ya wakati huo, Kongo ya leo, wakiwa na miavuli ya watu wengine. Ilikuwa ya jeshi la Zaire, aina ya T-10 ya Kimarekani, waliyogawiwa Kinshasa kabla ya kupanda ndege. Mifuko yao ya silaha, iliyotengenezwa Ufaransa, haikukubali kunasa kwenye vyuma vya mikanda ya T-10, kwa hiyo wakafunga kwa waya na kamba, wakaruka hivyo hivyo. Vitabu vimeandikwa vingi juu ya mapigano yaliyofuata. Mimi ule waya ndio unaonivutia, maana kila mtu anayetafuta vifaa vyake vya kwanza vya kuruka kwa miavuli hufika mahali pa kushawishika kuunganisha kisichoungana.

Kwa nini Kolwezi ilifanikiwa, na majeruhi wa kutua wakawa wachache licha ya majani marefu na vichuguu? T-10 ni mwavuli wa duara. Hufunguliwa na kamba iliyofungwa ndani ya ndege, hushuka kwa kasi ya mita 6 hadi 7 kwa sekunde, na huenda unakopelekwa na upepo. Anayeruka huwa na kazi moja tu: abane miguu, akunje magoti kidogo, agaragare anapogusa ardhi. Mnene na mwembamba wote huvaa saizi ile ile, kinachobadilika ni mikanda tu.

Mwavuli wa mchezo ni kitu kingine kabisa. Una umbo la mstatili, una vyumba vinavyojaa hewa, na unaruka kwenda mbele kama bawa. Anayeuvaa ni rubani. Ukikosea ukubwa wake, kosa hilo utalijua mita chache kutoka ardhini, wakati wa kuvuta vishikio vyote viwili ili kuvunja kasi.

Hesabu yake ni rahisi, na wenye mchezo wanaifanya kwa pauni na futi za mraba hata pale ambapo kila kitu kingine hupimwa kwa kilo na mita. Tuchukue kijana wa Tunda, mashariki mwa Kongo, aliyepata kazi Dubai na kujifunza kuruka huko. Ana kilo 70. Mavazi na mkoba wenye miavuli yote miwili, mkuu na wa akiba, ni kama kilo 13. Jumla kilo 83, yaani pauni 183. Mwanafunzi hushauriwa asizidi pauni 1 kwa kila futi ya mraba, kwa hiyo mwavuli wake mkuu uwe na futi 190 au zaidi. Muuzaji wa mtumba atamwambia wa futi 150 ni mzuri, mwepesi, na "utauzoea". Kwa huo atakuwa amebeba pauni 1.2 kwa kila futi. Mwavuli mdogo huenda kasi zaidi, na tena hukata kona kwa ukali na kupoteza kimo kingi katika kona moja. Sehemu kubwa ya vifo katika mchezo huu hutokea chini ya mwavuli uliofunguka vizuri, mtu akikata kona karibu mno na ardhi.

Hapo wauzaji wengi huishia, na mimi naona hesabu bado ni nusu, kwa sababu uwanja nao una kilo zake. Kindu, upande wa kwao huko huko Kongo, iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Saa tisa mchana, joto likiwa nyuzi 30, hewa ya Kindu huwa nyepesi kama ya mahali palipo juu ya mita 1,100 siku ya hali ya kawaida. Hewa nyepesi hulazimisha bawa liende kasi zaidi ili libebe uzito ule ule. Kwa Kindu ongezeko ni karibu asilimia 6. Goma, ambako uwanja wa ndege uko juu ya mita 1,500, mchana wa nyuzi 24 tu ongezeko hufika karibu asilimia 12. Aliyezoea kutua Dubai mwezi wa Januari, au kwenye mchanga wa Diani, pwani ya Kenya, asubuhi, atakuta ardhi inamjia mapema kuliko macho yake yanavyotarajia. (Dubai ya Agosti ni hadithi nyingine, joto lake peke yake huifanya ifanane na Kindu.) Kwa anayetaka siku moja kuruka nyumbani, ningeongeza saizi nzima: badala ya 190, futi 210.

Sasa turudi kwenye waya wa Kolwezi. Mkoba hushonwa kwa ukubwa maalumu wa miavuli. Mwavuli mkuu mdogo ukiwekwa katika mkoba mkubwa huchezacheza, na pini inaweza kuachia kabla ya wakati. Wa akiba ukishindiliwa kwa nguvu katika mkoba mwembamba hutoka kwa kuchelewa, tena siku ambayo sekunde ndizo unazozihitaji. Mikanda nayo ivaliwe na kuning'inizwa, isipimwe mtu akiwa amesimama tu. Kishikio cha kuuachia mwavuli mkuu kiko upande wa kulia wa kifua, cha kufungua wa akiba kiko kushoto. Mikanda ikikuzidi, ukining'inia hupanda kuelekea mabegani na vishikio hupanda pamoja nayo, na mkono uliozoea kuvikuta kifuani huenda ukashika kitambaa kitupu.

Kuhusu kifaa cha kufungua mwavuli wa akiba chenyewe mtu anapozimia au kuchelewa, sina mjadala: kiwepo. CYPRES ya Mjerumani ilianza kuuzwa mwaka 1991, na ile ya wenye leseni hukata kitanzi kinachoufunga mwavuli wa akiba karibu mita 225 juu ya ardhi ikiwa bado unaanguka kwa kasi. Lakini kina tarehe ya mwisho. Kilichobakiza miaka miwili kilipiwe bei ya miaka miwili.

Mwanzoni nunua altimeta, kofia na miwani, vitu visivyoathiriwa na uzito wako wala uwanja. Mkoba mzima kodi shuleni mpaka upate leseni ya kwanza, ambayo Marekani hudai miruko 25, kwa sababu saizi unayoihitaji leo siyo utakayoihitaji baada ya hapo. Ukifika wakati wa mtumba, fungua mfuko wa kadi ya mwavuli wa akiba. Kila fundi aliyeufungasha ameandika tarehe na kutia sahihi. Marekani hufungashwa upya kila siku 180. Kadi yenye pengo la miaka inahitaji maelezo. Kisha omba mkoba uende kwa fundi wako ukafunguliwe wote kabla hujatoa hela. Muuzaji akikataa, tafuta mwingine.