Opera Iliyotungwa kwa Ajili ya Dakika Chache

Filamu nyingi za upelelezi siku hizi zina muziki usio na mwenyewe: unanguruma muuaji akikaribia, unanyamaza akiondoka, na mtazamaji akitoka hawezi hata kuuvumisha. Ndiyo maana kila nikiitazama Charlie Chan at the Opera, filamu ya Marekani ya mwaka 1936, nawakumbuka kwa heshima mafundi waliokataa kulipua kazi.

Ni filamu fupi, haifiki dakika 70, ya upelelezi uliotiwa vichekesho. Gravelle, mwimbaji aliyepoteza kumbukumbu, anatoroka hospitali ya wagonjwa wa akili na kurudi kwenye jumba la opera. Anayemwigiza ni Boris Karloff, yule yule aliyekuwa zimwi la Frankenstein mwaka 1931, na waandishi hawakuacha kumtania kwa hilo. William Demarest ni sajini mwenye papara; Keye Luke, kama mwana wa mpelelezi Charlie Chan, anajipenyeza jukwaani amevaa maleba ya askari. Watu wanacheka, kisha mtu anakufa.

Studio ingeweza kuazima opera yoyote iliyokuwapo. Badala yake Oscar Levant alipewa kazi ya kutunga mpya, Carnival. Levant hakuwa mbabaishaji: alikuwa mpiga piano hodari, rafiki wa George Gershwin na mwanafunzi wa Arnold Schoenberg. Mashairi yaliandikwa na William Kernell, yakaimbwa kwa Kiitaliano. Karloff hakuwa mwimbaji. Sauti nzito tunayoisikia ni ya Tudor Williams, naye Karloff anaifuata kwa midomo, kwa macho na kwa mabega, hata tunasadiki kwamba inatoka kifuani mwake.

Utamu wa ufundi wenyewe uko hapa: muziki huu unarudi. Mara ya kwanza ni onyesho. Mwenye vazi la shetani anamwinulia mwanamke kisu, nasi hatujui kama ni maigizo au ni kweli. Baadaye ni mtego. Mpelelezi anataka tukio lirudiwe jukwaani ili mkosaji ajifichue. Kwa hiyo mtunzi alihitaji wimbo unaonasa sikioni mara moja tu, ili ukirejea tuutambue, na hofu itangulie kabla ya kisu. Wimbo ungekuwa dhaifu, fumbo zima lingeporomoka. Levant aliifanya kazi hiyo kwa bidii ya mtu anayetungia jumba kubwa la opera, ingawa waliolipa kiingilio walikuja kumtafuta muuaji.

Sisifu kila kitu. Kumpa Warner Oland, mzaliwa wa Sweden, nafasi ya mpelelezi wa Kichina lilikuwa kosa, na linauma zaidi ukimwona Keye Luke, mzaliwa wa Guangzhou, akiwa msaidizi wake tu.

Carnival haikupata kuwa opera nzima. Vilitungwa vipande ambavyo filamu ilivihitaji, basi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini uzuri wa aina hii haujiuzi. Unahitaji mwenye fedha anayeuthamini na msikilizaji anayeudai. Wenye fedha wamegundua kwamba tukipewa kilicholipuliwa hatulalamiki. Sisi ndio tuliowafundisha hivyo, kwa kukaa kimya.