Nafsi na Kadamnasi katika Sauti ya Dhiki

Katika vyumba vya mihadhara husemwa mara nyingi kwamba utungo ni ama sauti ya nafsi ama sauti ya jamii, na mwanafunzi hutakiwa achague upande. Achaguaye nafsi huambiwa ameingiza ubinafsi wa kigeni. Achaguaye jamii hupewa alama nzuri hata kama hakuusoma utungo wenyewe kwa makini. Diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1973, imeumizwa na desturi hiyo kuliko vitabu vingi.

Historia yake inajulikana. Mtunzi, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1946, alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, ulioikosoa serikali ya wakati ule. Sehemu kubwa ya kifungo hicho aliitumikia akiwa ametengwa peke yake, na tungo alizoziandika kwa siri juu ya karatasi za chooni ndizo zilizokuja kuwa kitabu. Mwaka 1974 kitabu hicho kikatunukiwa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Kisa hiki kinavutia mno, na hapo ndipo penye hatari: wengi hukisimulia wakadhani wamekwisha kukihakiki kitabu.

Linalostahili kuulizwa kwanza ni umbo. Mtu aliyetengwa na wenziwe, asiye na wa kumsikiliza ila kuta, angetazamiwa atunge kama ajisemeaye mwenyewe, kwa maneno yaliyokatika na yasiyo mpango. Abdilatif hakufanya hivyo. Alishika vina na mizani vya wazee wake, tena kwa Kimvita cha nyumbani. Arudhi hiyo haikuzaliwa katika upweke. Shairi la mishororo minne, lenye mizani nane kwa nane katika kila mshororo, lilikomaa barazani na katika majibizano. Muyaka bin Haji, aliyetunga huko huko Mombasa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, alilitumia kwa mambo ya mji, vita vyake, biashara yake na mapenzi yake, na kwa kuwajibu mahasimu. Mwenye kutunga kwa namna hii huweka vina akijua kwamba yuko mtu atakayevifuata atakapojibu. Kwa hiyo mfungwa aliyekuwa akihesabu mizani gerezani alikuwa, kwa kitendo hicho chenyewe, amekaa tena miongoni mwa watu. Askari wa gereza wangeweza kumnyima kalamu. Hawakuweza kumnyima baraza hilo.

Utungo unaolithibitisha jambo hili zaidi ni “Mnazi: Vuta N'kuvute”. Wasemaji wawili wanaushindania mnazi, kila mmoja akidai haki yake. Wahakiki wameona humo fumbo la siasa za Kenya baada ya uhuru, nao hawakukosea. Lakini yafaa kutazama jinsi fumbo linavyofanya kazi. Mtu mmoja, chumbani peke yake, amejigawa akawa wawili, na sheria ya majibizano inamlazimu ampe hasimu wake ubeti kamili na vina kamili, asimdhalilishe kwa utungo dhaifu. Hasira ya mfungwa haikuachwa imwagike ovyo. Ilipitishwa katika ugomvi wa mali ambao kila nyumba ya pwani inaujua. Je, hiyo ni nafsi au jamii? Swali la mtihani halina pa kusimama hapa.

Katika “Siwati” mambo ni mengine, kwani nafsi inasema bila ya pazia. Hata hivyo, inachosema ni kiapo cha kutouacha msimamo, na kiapo hakiapwi pasipo shahidi. Msomaji anaitwa awe shahidi huyo.

Mwaka 1974, mwaka mmoja tu baada ya diwani hii, Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilitokea na kuzusha mabishano makali kuhusu tungo zisizo na vina. Ukivitazama vitabu hivi viwili pamoja, jambo moja linashangaza: aliyekuwa huru kutembea ndiye aliyejitenga na arudhi ya wengi, na aliyetengwa kwa nguvu ndiye aliyeikumbatia. Kila mmoja alitafuta kile ambacho maisha yake yalimnyima.

Si kwamba arudhi haikumtoza Abdilatif gharama. Katika baadhi ya tungo za mawaidha hekima ya wazee inasema kwa ufasaha kiasi kwamba mtunzi mwenyewe hasikiki. Na fumbo kama la “Mamba”, lililomfaa mtu ambaye maandishi yake yangeweza kunaswa wakati wowote, humwachia msomaji wa leo nafasi kubwa mno ya kumweka mamba amtakaye.

Kubwa zaidi ni lugha. Msomaji wa bara hukwama katika Kimvita, na walimu wengine, kwa nia njema, huzisoma tungo hizi darasani kwa kuyageuza maneno yawe ya Kiswahili sanifu. Neno “siwati” likifanywa “siachi” mizani haipungui, kwa kuwa yote mawili yana silabi tatu. Lakini popote neno la namna hiyo linapoangukia kwenye kina, -ti imekuwa -chi, na ubeti mzima umevunjika. Mwanafunzi aliyezoea usomaji huo huambiwa baadaye aeleze ustadi wa vina vya mtunzi, naye hana vina mbele yake. Ni afadhali darasa lichelewe kwa saa nzima juu ya msamiati, kisha wanafunzi wawili wasimame waisome “Mnazi” kwa kupokezana, kila mmoja na upande wake, kwa maneno yale yale yaliyotoka gerezani.